Mende wa Darasa la Saba

Mama Sumu aliwachukia mende kwa moyo wake wote, na ndiyo maana alikuwa fundi mzuri. Wapulizaji wengine wa dawa huichukulia kazi hiyo kama kazi nyingine yoyote: huvaa buti, hujitwika bomba mgongoni, hupuliza kona nne za chumba na kuondoka wakipiga mluzi. Yeye aliingia majikoni mwa watu kwa hasira ya mtu aliyetukaniwa mama yake. Akiona sharubu mbili zinachungulia kwenye ufa wa kabati, mate ya kichefuchefu yalimjaa mdomoni. Miaka ishirini na miwili ya kuwaua haikumpunguzia kinyaa hata chembe. Kila alipokaribishwa kwa mtu alikung'uta kiti kwanza kabla ya kukikalia, mwenyeji apende asipende.

Kwa hiyo mdogo wake wa kiume alipompigia simu asubuhi ile na kumwambia, "Dada, njoo, yamenikuta," hakuuliza ni yapi. Alijua kwa sauti.

Mdogo wake alikuwa na bekari. Alikuwa ameoka mikate katika bekari za watu kwa miaka kumi na tano kabla ya kufungua yake: vyumba vitatu nyuma ya soko, mashine moja ya kukandia unga, tanuri mbili, kabati la joto la kuumulia unga, na wafanyakazi wanane. Tangu ilipofunguliwa, miaka miwili sasa, Mama Sumu ndiye aliyeilinda. Kila mwezi alikuja na maboksi yake ya dawa, akaacha mawili matatu stoo ili asibebe mzigo kila safari, akapuliza, akakagua, akapewa mkate wa moto wa kwenda nao nyumbani.

Alimkuta ameketi juu ya gunia la unga. Mbele yake kulikuwa na sinia, na juu ya sinia mkate uliopasuliwa katikati.

"Bwana afya alikuja jana," akasema mdogo wake. "Nikamkaribisha mkate wa moto. Akaupasua kwa mikono yake mwenyewe."

Mama Sumu akainama kuangalia. Ndani ya weupe wa mkate alilala mende mzima. Alikuwa ameiva vizuri, rangi ya kahawia yenye kung'aa, miguu imejikunja, na nyuma yake kifuko cha mayai bado kinaning'inia. Unga ulikuwa umeumuka kumzunguka ukamfanyia kijumba chake. Mama Sumu alikwenda mlangoni, akatema mate, akarudi.

"Akasemaje?"

"Kanipa siku kumi. Ya kumi na moja anarudi, na akiona hata mguu wa mende anafunga mlango na leseni anaondoka nayo. Dada, nikifungiwa nimekwisha. Sina kazi nyingine ninayoijua, na jina nililonalo ni hili hili la mkate."

"Hutafungiwa," akasema Mama Sumu. "Mimi nipo hai bado."

Silaha yake kubwa ilikuwa chambo. Alikichanganya mwenyewe nyumbani, sukari, unga, asali kidogo na sumu, kikawa kitu kizito alichokivuta kwa bomba la sindano na kukidondosha matone madogo madogo kwenye nyufa. Mende hula, hurudi kwao, hufa. Wenzake humla yeye pamoja na kinyesi chake, nao hufa. Aliwaeleza wateja habari hiyo kwa raha zake, hata wakiwa mezani.

Siku ya kwanza alidondosha matone mia mbili. Siku ya pili alirudi akayakuta yote, mazima, yamekauka juu tu. Akafunga mlango wa chumba cha kukandia, akazima taa, akaketi juu ya kreti na tochi aliyoifunika kwa karatasi nyekundu, kwa sababu mende hawaioni rangi hiyo.

Wakaja. Walitoka chini ya mashine, wakubwa kwa wadogo, na mkwaruzo wa miguu yao juu ya bati ulisikika wazi. Mmoja akalifikia tone, akaligusa kwa mdomo, akaruka nyuma. Akasimama hapo akijipangusa mdomo kwa miguu ya mbele, akajipangusa tena, kisha akageuka akaondoka zake. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu hakuligusa kabisa, alipita pembeni kama mgeni aliyeona unywele kwenye sahani.

Mama Sumu hakuamini macho yake. Alishawaona mende wakila sabuni, wakila gundi ya vitabu, wakila kucha za mtu aliyelala. Lakini mende kuikataa sukari, tena kwa kinyaa, hilo lilikuwa jipya, na zaidi ya kuwa jipya lilikuwa tusi. Mwenye kinyaa hapa alikuwa yeye. Wao ruhusa waliipata wapi?

Akaacha chambo, akashika bomba. Walipuliziwa dawa ya maji wakayumbayumba, wakakaa chini kidogo, wakapata fahamu. Akabadili dawa. Siku ya nne mdogo wake alifagia maiti ishirini hivi, na wakati anafagia walio hai walikuwa wanapita juu ya trei za mikate bila hata haraka.

"Wameshaizoea dawa," akasema.

"Basi nitawapa wasiyoizoea," akasema Mama Sumu, na akarudi nyumbani, kwenye shule yake.

Hiyo shule inahitaji kuelezwa, maana watu wachache waliijua na wachache zaidi waliiona. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha bati, na ndani ya chumba mapipa saba ya plastiki yaliyopakwa mafuta ya mgando ukingoni ili wanafunzi wasitoroke. Wanafunzi walikuwa mende. Kila alipomaliza kazi mahali, hotelini, hospitalini, bwenini, kwenye ofisi za wakubwa, alipita na chupa akiwaokota wale waliobaki hai baada ya dawa, akaja kuwatia katika pipa la kwanza. Hilo ndilo darasa la kwanza. Kila mwezi aliwapa mtihani, yaani aliwapulizia. Waliokufa wamefeli. Waliopona wamefaulu, wakapanda darasa, wakazaa huko, na watoto wao wakapewa mtihani mgumu zaidi. Waliofika la saba aliwadondoshea mgongoni rangi nyekundu ya kucha, doa moja dogo, asije akawachanganya na wa madarasa ya chini. Dawa mpya ikitoka, aliijaribu kwa hao wa la saba. Ikiwaua wao, itamuua mende yeyote wa mji huu. Hesabu ilikuwa safi, na kwa miaka tisa ilimpa jina ambalo wapulizaji wengine walilionea wivu.

Kwamba mtu mwenye kinyaa cha namna ile aliweza kulala hatua kumi kutoka kwenye mapipa yale, hilo hata yeye halikumshangaza tena. Aliingia amejifunga kitambaa puani, akatoka akaoga.

Jioni ya siku ya tano alibishiwa hodi na wifi yake, mke wa mdogo wake. Wifi alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na wawili hao walitaniana kama mawifi wanavyotaniana, kwa maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine pangechimbika.

"Wifi, nimekuja kuiona hiyo shule yako," akasema. "Mdogo wako hali wala halali. Kila nikimuuliza ananiambia dada yupo shuleni anatafuta dawa. Nikasema na mimi ni mwalimu, acha nikakague."

"Umekula?"

"Bado."

"Afadhali. Na leo hutakula tena."

Walipoufungua mlango harufu iliwapokea kabla ya kitu kingine, tamu iliyochacha, ya mafuta yaliyooza na tambara bichi. Wifi akaziba pua kwa kiganja. Katika pipa la kwanza mende walikuwa wanatembea kila mmoja na njia yake. Katika la tatu walikuwa wamelaliana. La saba halikuwa na sehemu tupu. Chini, pembeni, juu ya vipande vya maboksi aliyowawekea kujificha, yote ilikuwa migongo, tabaka juu ya tabaka, na madoa mekundu yakipanda na kushuka. Kati ya miguu kulikuwa na maganda, vinyesi, vipande vya wenzao, na watoto weupe waliotoka tu kujivua ngozi, laini, wanene, wanaokaribia kuonekana matumbo. Wifi aliangalia kwa muda ambao Mama Sumu hakuutegemea. Kisha akaomba daftari.

Mama Sumu aliandika kila kitu: dawa gani, tarehe gani, wamefeli wangapi, wamefaulu wangapi. Wifi akatoka nje na daftari, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, akasoma kwa kidole.

"Hii dawa ya kwanza kabisa," akasema. "Umeandika hapa ilichukua mwaka na miezi miwili kabla ya darasa la saba kuanza kupona nayo."

"Ndiyo. Walikuwa wazito siku hizo."

"Ya pili miezi tisa. Ya tatu mitano. Hii ya mwisho mitatu."

"Wanafunzi wangu wana akili," akasema Mama Sumu, na akajisikia majivuno yakimtoka mdomoni kabla hajayazuia.

"Hawana akili yoyote. Miezi mitatu ni kizazi kimoja, wifi. Wazazi walikufa karibu wote, halafu watoto wa wale wachache wakapona karibu wote."

"Wanazoea."

"Mende hazoei. Hilo unalijua kuliko mimi. Aliyepona alizaliwa hivyo."

"Nalijua. Sasa tatizo liko wapi?"

Wifi akalifunga daftari. Alipoanza kusema alisema polepole, kwa sauti ya darasani, na hiyo sauti ndiyo iliyomuudhi Mama Sumu kuliko maneno.

"Mende wa kawaida anapata sumu mara moja moja. Leo hii, mwakani ile. Wewe hawa umewabadilishia mtihani kila mwezi kwa miaka tisa. Sasa fikiria mama mende aliyekuwa sugu kwa dawa ya kwanza, akazaa watoto wote wamefanana naye. Dawa ya pili ikija inafanyaje?"

"Inawafagia wote."

"Ukoo umekwisha. Nani anabaki? Anabaki yule ambaye watoto wake hawafanani. Huyu ngozi yake nene. Huyu tumbo lake linaisaga sumu. Huyu ulimi wake mbovu, sukari kwake ni shubiri. Ukija na dawa yoyote, kati ya watoto wake arobaini wawili watatu watapita. Na wao nao wanazaa wasiofanana, kwa sababu ndivyo ukoo wao ulivyo. Halafu juu ya hapo umewaletea wachumba kutoka kila jengo la mji, kila mmoja na ujanja wa kwao, ukawatia pipa moja wakachanganya." Akamtazama. "Wewe unadhani umechagua mende wagumu. Hapana, wifi. Umechagua mende wepesi kubadilika. Mgumu ana mwisho wake, unamtafutia nyundo kubwa zaidi. Hawa kila nyundo unayowapa ndiyo inayowafundisha. Umesema ni shule, na kweli ni shule, tena haijawahi kufungwa hata likizo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nenda kawafundishe watoto kuchora majani. Mimi nimeua mende kabla hujajua kusoma."

Wifi akainuka, akajikung'uta sketi, akakung'uta na viatu. Alipofika njiani akageuka. "Dawa yoyote utakayoipeleka kule bekari," akasema, "utakuwa umewapelekea mtihani mwingine." Hakutania hata kidogo, na kwa wifi hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya.

Siku ya saba Mama Sumu alirudi bekari na chupa ya dawa ya mashambani, ile ambayo mkulima akiipulizia shamba hukaa wiki mbili hajaligusa. Hakutaka kuitumia. Mdogo wake ndiye aliyemsihi kwenye simu, akasema kitu chochote, dada, hata kama ni moto wa jehanamu. Alipofika alimwomba kwanza afungue kifuniko cha nyuma cha kabati la kuumulia, pale zilipo nyaya, maana pana joto na unyevu na hakuwahi kupaangalia.

Mdogo wake akafungua skrubu nne, akavuta bati.

Hawakukimbia. Walikuwa wengi mno kuwa na pa kukimbilia. Walijaa kwenye nyaya kama makapi kwenye ungo, na mvuke wa hamira uliotoka mle ulikuwa umechanganyika na harufu ile tamu iliyochacha ambayo Mama Sumu aliijua kuliko harufu ya mto wake wa kulalia. Akaelekeza tochi. Mmoja alikuwa na doa jekundu mgongoni. Pembeni yake mwingine. Akahesabu hadi kumi na mmoja, akaacha kuhesabu.

Akili zikamruka. Hawa hakuwaokota hapa. Hawa walikuwa wameletwa.

"Hao wenye madoa mekundu ni aina gani?" akauliza mdogo wake, ameinama begani kwake.

"Aina mpya," akasema Mama Sumu.

Uongo ulitoka wenyewe, laini, bila kukwama popote.

"Nilijua!" akasema mdogo wake. "Ni yule muuza hamira. Maboksi yake machafu, kila siku nasema. Mende wanapenda boksi, si ndiyo? Wanaingia kwenye yale mawimbi ya karatasi ya katikati. Leo leo namwambia asituletee tena, na soko zima nitalitangazia."

Maboksi. Mama Sumu akageuza shingo kuelekea stoo, ambako maboksi yake mawili ya dawa yalikuwa yamekaa juu ya rafu tangu mwezi uliopita. Nyumbani aliyapanga maboksi hayo katika chumba cha bati, kando ya mapipa, kwa sababu palikuwa pakavu. Na msimu wa joto bati lilipowaka, yale mafuta ya mgando ukingoni yaliyeyuka yakatiririka chini, naye aliyaona, akayapaka upya, akaenda kazini. Mara ngapi? Kila mwaka. Na maboksi yale alikuwa ameyapeleka hotelini, hospitalini, mabwenini. Kwa miaka tisa alikuwa anawahitimisha na kuwapangia vituo vya kazi.

Akatoka nje, akafika nyuma ya stoo ya unga, akatapika. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika tena bila kitu. Alipojipangusa aliona mkono wake mwenyewe akauonea kinyaa, akausugua ukutani hadi ukachubuka.

Angeweza kunyamaza. Chupa ilikuwa mle ndani. Angepuliza, wangekufa wengi, bwana afya angekuja na kuona sakafu safi, na mwezi wa tatu watoto wao wangerudi wakiinywa dawa hiyo kama maji. Kabla ya hapo watu wangekuwa wameshaila sumu hiyo kwenye mkate. Na muuza hamira, mzee wa watu, angekuwa amemwaga unga wake kwa kosa lisilo lake.

Akarudi. Mdogo wake alikuwa tayari ameikamata chupa, anasoma maandishi ya onyo.

"Weka chini hiyo," akasema Mama Sumu. "Boksi ni langu."

"Boksi gani?"

"Lililowaleta. Hayo madoa ni rangi ya kucha, niliwapaka mimi. Hawa ni wa darasa la saba, mdogo wangu. Nimewafuga mimi, nimekuletea mimi, na dawa ya kuwaua sina. Hakuna aliyenayo. Muuza hamira mwache."

Mdogo wake alimtazama asielewe, kisha akaelewa kidogo kidogo, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyorudi nyuma. Hatua moja. Nyingine. Macho yake yalikwenda kwenye mkoba wa kazi wa dada yake uliokuwa umening'inia kwenye ndoano juu ya meza ya kukatia unga, pale pale uliponing'inia kila mwezi kwa miaka miwili.

"Toa mkoba wako," akasema.

Akautoa.

Aliyewaokoa ni wifi. Alikuja kutoka shuleni na vumbi la chaki bado lipo kwenye kucha, akasema dawa basi, sasa ni joto. Mikate, unga, hamira, gunia, boksi, kila kitu cha kuficha mdudu kilitolewa na kuchomwa au kutupwa. Madirisha yakazibwa kwa karatasi zenye gundi, nyufa zikajazwa, tanuri zote mbili zikawashwa milango wazi, na majiko ya kuazima yakaongezwa pembeni. Mchana kutwa, siku mbili mfululizo, wakaichoma hewa ya vyumba vile hadi kipimajoto kikapanda mahali ambapo mtu akiingia kope zinamwungua.

"Na joto nalo si mtihani?" Mama Sumu akamuuliza. Alikuwa nje, upande wa pili wa uchochoro, kwa sababu mdogo wake hakutaka avuke.

"Ni mtihani wakipona wawili," akasema wifi. "Ndiyo maana hatoki mtu hapa mpaka tuhakikishe hajapona hata mmoja. Tukiacha nusu, bora tusingeanza."

Siku ya kwanza ya joto hilo Mama Sumu alikwenda kuifunga shule. Alichemsha maji sufuria baada ya sufuria, akaanza na darasa la kwanza. Walipoguswa na maji walipiga kelele isiyo ya mdomo, mchakacho mmoja mkubwa, kisha kimya, na mvuke ukapanda na harufu ya kitu kinachotaka kufanana na chakula. Hilo ndilo lililomshinda kuliko yote, kwamba kilinukia karibu na chakula. Akaendelea. La pili, la tatu, la nne. Kwenye la saba alisimama na sufuria mkononi kwa muda, na aibu yake ni kwamba hakusimama kwa huruma. Alikuwa anawatazama na kuwaza kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kutengeneza kitu cha namna hii. Alikuwa anajivuna. Alipojigundua akayamwaga maji yote, akachemsha mengine, akamwaga tena juu ya supu ile ya miguu na mayai, akachemsha sufuria ya tatu.

Akachoma maboksi, akachoma mkoba, akachoma nguo za kazi na daftari. Akang'oa bati la chumba kipande kipande. Kisha akawapigia simu wateja wake, mmoja mmoja, hotelini, hospitalini, mabwenini, akawaeleza alichowapelekea. Wengine walidhani anatania. Wengine walikata simu kabla hajamaliza. Hadi jua linazama hakuwa na mteja.

Siku ya kumi na moja bwana afya alikuja na tochi na kioo kidogo chenye mpini. Mama Sumu alisimama ng'ambo ya barabara, amevaa gauni jipya, nywele amenyoa, amejisugua hadi ngozi inawasha. Kutoka pale aliona kivuli cha bwana afya kikipita dirishani, kikiinama, kikipotea. Saa tatu nzima. Wafanyakazi wanane walikaa kwenye ngazi wakitafuna kucha, na hakuna aliyeangalia upande aliosimama Mama Sumu.

Bwana afya akatoka, akamshika mkono mwenye bekari, akaondoka. Wafanyakazi wakaruka. Wifi akavuka barabara karibu anakimbia.

"Imepita," akasema. "Hata ukucha hajaona. Leseni ipo ukutani."

Mama Sumu akajikuta analia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, na bila kufikiri akaanza kuvuka kwenda kumkumbatia mdogo wake. Huyo alikuwa mlangoni na aproni nyeupe mpya, anacheka na machozi yanamtoka. Yeye, dada, ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Alipomwona anakuja, mdogo wake akaacha kucheka, akainua kiganja.

"Dada. Hapo hapo panatosha."

Akasimama katikati ya barabara.

"Mkate nitakuletea nyumbani," akasema mdogo wake. "Kila siku, mpaka nizeeke, sitakosa hata siku moja. Nakupenda, unajua. Lakini humu ndani usiingie tena. Na mkate nitauacha getini."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira angeijibu. Pua ya mdogo wake ilikuwa imebana kidogo, mdomo umevutwa upande mmoja, shingo imerudi nyuma yenyewe bila yeye kutaka, na Mama Sumu aliyefanya kazi ile miaka ishirini na miwili hakuhitaji kuelezwa ule ni uso gani.

"Sawa, mdogo wangu," akasema.

Akarudi upande wake wa barabara. Alitafuta ndani ya moyo wake neno la kumlaumu na hakuliona, kwa sababu kama bekari ingekuwa yake, na yeye ndiye mwenye mlango, hata yeye asingejifungulia.